Mkunjo

Mama alinifundisha kukunja shuka kabla sijajua kusoma:
pembe kwa pembe, yeye kule, mimi huku,
tukikutana katikati kama watu wanaosalimiana.
Ukikosea mkunjo wa kwanza, alisema,
yote yanayofuata yatakuwa makosa nadhifu.

Flekka alianza Februari. Kujikuna tu.
Kondoo mkunjufu kuliko wote, aliyekula kiganjani,
akajisugua kwenye nguzo ya zizi
hadi nguzo ikavaa sufu, yeye akabaki ngozi.
Kisha midomo ikawa inatafuna hewa.
Kisha miguu ya nyuma ikawa inafika
baada ya yeye mwenyewe kufika.
Huku kaskazini mwa Aisilandi ugonjwa huo una jina fupi,
maana yake tetemeko,
na mezani halitamkwi.

Daktari Ísleifur alikuja na sanduku la barafu,
kana kwamba sisi barafu hatuna.
Alichukua alichochukua kwenye shina la ubongo,
akarudi baada ya siku tisa na uso umeshasema.

Jikoni alijaribu kunieleza.
Virusi, alisema, angalau ni mwizi mwenye barua.
Ana koti la protini, na ndani ya koti, maandishi.
Anaingia kwenye seli kwa ufunguo wa kughushi,
anayaweka maandishi yake mbele ya mafundi wa nyumba,
nao, watiifu, wananakili,
wananakili,
mpaka nyumba inapasuka.
Barua unaweza kuichoma.
Huyu hana barua. Hana hata herufi.

Ni protini yake Flekka mwenyewe,
shanga zile zile, uzi ule ule, mpangilio ule ule,
ila imekaa vibaya. Imejikunja upande.
Inamgusa jirani, jirani anakunjika.
Jirani wa jirani.
Hakuna homa. Askari wa mwili
wanapita, wanapunga mkono: huyu ni wa kwetu.
Na waliokunjika hushikamana, hurundikana,
miaka miwili, mitatu, kimya,
mpaka ubongo unatoboka matundu kama sifongo.

Nikamuuliza: kwani kitu hicho ni hai?
Akakoroga kahawa yake isiyo na sukari.

Walikuja Alhamisi. Mia tatu na kumi na wawili.
Wagonjwa watano, waliobaki wazima,
lakini uzima ulikuwa neno ambalo hakuna aliyeweza kulithibitisha.
Mama alisimama mlangoni na daftari,
Surtla, Gullbrá, Kápa binti wa Surtla,
akisoma kila jina lilipopita,
na alipofika kwa wanakondoo wasiopewa majina bado
akawapa, pale pale, mbio mbio,
mengine nadhani aliyarudia.

Tukachoma boriti. Tukakwangua udongo wa zizini
mpaka tukakuta mawe ya babu.
Tukamwaga chokaa, kila kitu kikawa cheupe
kama kilichosamehewa.
Hakikusamehewa. Moto wa kawaida haukimalizi kitu hicho,
na ardhi hukitunza kama amana,
miaka kumi na tano, labda zaidi; haijui kusahau.

Sasa zizi linanuka rangi tu.
Usiku mama huamka saa za kuzalisha,
huvaa buti, hufika mlangoni, huvua.

Jana Ísleifur alipiga simu.
Shamba moja mashariki wamempata kondoo jike
ambaye ushanga mmoja tu kwenye uzi wake ni tofauti,
na mkunjo mbaya ukimgusa, haumshiki.
Wataalamu wanataka kuzalisha kutoka kwake.
Alizungumza haraka, kama kijana.

Mama alichukua simu mkononi mwangu.
Anaitwa nani?

Kule ng'ambo kukawa kimya. Yeye alikuwa na namba tu.
Akaahidi kuuliza.

Daftari liko wazi mezani, ukurasa mpya,
tarehe imeandikwa, kisha mstari mtupu,
na kalamu imelala juu yake.