Gramu Kumi na Moja

Injini ya boti ya wagonjwa kutoka Kome
ililetwa Nyakato juu ya mkokoteni,
na Ntalima, nahodha wake, nyuma yake
mikono ikimtetemeka bado.

"Polepole ni mpole," alisema,
"unaweza kulaza mtoto juu yake.
Ila nikiikanyaga, ikipita elfu tatu,
boliti zinajifungua zenyewe,
mshale wa saa ya mafuta hausomeki,
na mgonjwa ananiomba nimshushe, aogelee."

Fundi Nyanzala hakucheka.
Aliitoa krenki
kama atoaye mwiba wa sato kooni,
akailaza juu ya pasi mbili za chuma zilizonyooka,
akaisukuma kwa kidole kimoja.
Ikazunguka. Ikasita. Ikarudi.
Mara ya kwanza, ya pili, ya saba,
bega lilelile likitafuta sakafu.

"Huyu hapa." Akapiga chaki.

Kumbe fundi fulani, zamani,
alichomelea bega lililovunjika
akamimina chuma kama mtu apakuaye ugali wa mgeni.
Kimelala, chuma hicho ni gramu tu.
Mwendo ukizidi mara mbili, kishindo huzidi mara nne;
mara tatu, mara tisa.
Huko juu, gramu ni nyundo.

Mzani wetu ulikuwa wa kupimia misumari.
Nikatumwa mtaa wa Rwagasore, kwa sonara,
kuazima ule unaopima dhahabu ya Geita.

Keekee. Pima. Keekee. Pima.
Nikasema, fundi, mbona yale mawe ya ziwani
yamepandana miaka yote, hayana keekee wala mzani?
"Yametulia kwa sababu hayaendi popote," akajibu.
"Kutulia ukiwa mbioni,
hiyo ndiyo inayolipiwa."

Jumamosi, mbele ya Kamanga, Ntalima akaikanyaga.
Elfu tatu. Elfu tatu na mia tano.
Nikasimamisha sarafu ya mia mbili juu ya kifuniko.
Ikasimama. Ikasimama.
Ikaanguka.
Tukatazamana.
"Hilo ni wimbi," alisema Ntalima,
na hakupunguza moto.

Jioni nilirudisha mzani.
Sonara akaona unga uliobaki kwenye kisahani,
akaugusa kwa ulimi, akatema:
"Chuma! Mmepata nini hapa?"

Sikujua nimjibu vipi.
Tulichopata ni kile kilichotoka.