Kifaa Namba Arobaini

Jumatatu, theluji imefunga barabara ya bondeni,
hakuna basi, hakuna mgeni.
Nimejiandikisha mwenyewe kwenye daftari:
Gwak Malsun, mtu mzima, mmoja.
Nikajiachia kitambulisho changu kama amana,
nikakipokea kwa mikono miwili,
nikakifungia kwenye mtoto wa meza.

Miaka ishirini na miwili nawavisha watu masikio haya,
napangusa sifongo kwa pamba yenye spiriti,
nawaelekeza: bonyeza namba, kisha kijani.
Mpishi asiyeonja mchuzi wake, ndiye mimi.
Leo nimeonja.

"Karibu," akasema msichana wa Seoul,
sauti imenyooka kama nguo iliyopigwa pasi,
na mimi, mwenye funguo za milango yote,
nikajikuta nainama: ahsante.

Namba moja, lango. Wafalme wanne wa mbinguni
wametoa macho, wamekanyaga mashetani.
Kumbe upanga ni wa hekima. Sikujua.
Mimi namjua buibui wa kwapani mwa yule wa kaskazini,
kila Alhamisi namvunjia nyumba,
kila Ijumaa kahamia tena.

Namba nne, nguzo iliyopinda.
"Mafundi waliheshimu umbo la mti,"
na filimbi inapita nyuma ya maneno.
Mzee Tak, aliyeikata, alikuwa akisema
mbao zilikwisha, na pesa zilikwisha, basi.

"Sasa geuka kushoto."
Miguu yangu ikageuka kulia, kuelekea jikoni,
kwenye mitungi ya soya, kwenye moshi.
Ziara haifiki huko. Jiko halina namba.
Nikarudi na haya, kama niliyemkatiza mtu kauli.

Namba tisa.
Nilivua viatu. Sakafu ilinipanda hadi magotini.
"Sanamu hii ya mti iliokolewa kwenye moto wa vita.
Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakipo.
Sababu haijulikani."

Nikasimamisha.
Nikarudisha nyuma.
Sababu haijulikani.
Tena.
Alisema vizuri, hakumlaumu mtu.

Mama alikuwa na miaka kumi na saba
na mgongo uliozoea kuni.
Walimfunga Budha juu yake kwa kamba za katani, usiku,
kijiji kimekuwa chekundu nyuma yao,
na pale kijitoni akateleza.
Asubuhi alirudi peke yake kupapasa majini.
Akakipata: kidogo kama kokwa ya tende,
dhahabu upande mmoja.
Atakirudisha, alisema, risasi zikinyamaza.
Atakirudisha, hekalu likijengwa.
Lilipojengwa aliona haya,
na haya ikazeeka naye.
Kiko kwangu, kwenye kopo la vifungo,
pamoja na sindano zilizoshika kutu.

Nami nimekaa dirishani miaka yote hii
nikiwakodisha watu sentensi ile.

Siku wakijua, watamrudisha msichana studio,
atasoma maneno mapya kwa sauti ileile ya pasi,
labda jina la mama, labda "mwanakijiji mmoja".
Kwa sasa yumo humo, ndani ya ile haijulikani,
amejikunja, hana baridi.
Sisemi ni sawa. Nasema yumo.

Namba kumi, pagoda. Sikuisikia vizuri.
Kumi na moja, kengele. Betri ikalia kabla yake.

Nikajirudishia kitambulisho.
Nikapangusa sifongo, pande zote mbili,
ingawa masikio yalikuwa yangu.
Na kwenye safu ya maoni,
ambayo kila jioni naisoma mimi peke yangu,
nikaandika:
Sauti nzuri. Ngazi ya tatu ina barafu.
Namba tisa irefushwe kidogo.

Hiyo ya mwisho nikaikata kwa kalamu,
si sana.
Inasomeka.