Vali ya Pembeni

Zamani Mabibo walijua kabla ya Kariakoo
kitenge kipya kitatoka na rangi gani:
walichungulia mto tu.
Jumatatu zambarau, Alhamisi kijani cha chupa,
na siku ya nyeusi hata bata hawakushuka.
Mchicha wa bondeni ulikunywa vyote hivyo,
nasi tukaununua, fungu mia mbili,
tukausifu ulivyostawi.

Sasa niko upande huu wa bomba.
Bilauri sita mezani, shabu kidogo, kidogo zaidi,
nakoroga, nasubiri
rangi ijikusanye kama maziwa yaliyokatika,
izame, iache juu uwazi wa kuazima.
Bibi yangu kule Utete alitia shabu hiyohiyo mtungini.
Hakuwa na vipimo; alionja, akatema.
Mimi nina karatasi ya kupimia uchachu
na amri ya kutoonja.

Halafu bwawa la wadudu.
Cheti changu kinawaita jina refu,
fundi Ngwatura anawaita wafanyakazi wasio na chama.
Wanakula uchafu wetu. Wanadai hewa tu,
na molasi Jumapili, kiwanda kikilala.
Umeme ukikatika nina saa tatu
kabla hawajaanza kufa, na kunuka.

Usiku wa juzi jenereta lilikohoa, likanyamaza.
Mvua inapiga bati. Simu ikaita:
"Asumpta, fungua ile ya pembeni.
Mto umejaa, nani ataona?"

Ile ya pembeni ina kutu shingoni
na ufunguo wake umefungwa kwenye pindo la khanga yangu.
Sikusema hapana. Sina ubavu huo.
Nilisema, "Mtandao mbovu, bosi, sikusikii,"
nikamwamsha Ngwatura,
tukanyonya dizeli kwa mpira kutoka lori la marobota,
yeye akameza funda moja, akalaani ukoo mzima wa bosi.

Saa kumi na robo, povu likaanza kupumua.

Asubuhi, tangi la mwisho, perege wanne:
mmoja kageuza tumbo.
Niliandika daftarini: watatu hai, mmoja kafa,
hewa ilikatika saa mbili na nusu.
Kisha nusu ya maji ikarudi kuosha
mitambo ileile iliyoyachafua,
nusu nikaiachia mtoni,
haina rangi, haina habari.

Mabibo hawatajua tena mapema
kitenge gani kinakuja.
Watangoja duka lifunguliwe
kama watu wengine.