Wasifu wa Marehemu

Wameniambia: ukurasa mmoja na nusu, usizidi,
padri ana maziko mengine Chiungutwa saa tisa.
Basi naandika: Barnaba Namalowe
alizaliwa Masasi, mwaka wa nzige.
Nafuta nzige. Naweka tarakimu.

Diwani wa kata, vipindi vitatu.
Mjumbe wa kamati ya fedha, ya barabara, ya maji,
ya maji tena.
Mimi niliyekuwa karani wake naijua hiyo "tena":
kila kikao anasimama, anakohoa,
"Mheshimiwa Mwenyekiti, bomba,"
mpaka wenzake wakamwita Bomba,
wanawe shuleni wakawa wana wa Bomba,
na bomba lenyewe bado liko kwenye makabrasha.

Lilipofika, siku mbili lilitoa upepo.
Akapiga magoti, akatega sikio kwenye koki
kama mkunga kwenye tumbo.
Siku ya tatu likatapika tope
na wanawake wakalipigia tope vigelegele.

Siandiki salfa ya chama cha msingi,
mifuko sita aliyoikopa mwezi wa kampeni
akawagawia wasiompenda.
Ilirudi mitano.
Daftarini ni sita; mwandiko ni wangu.

Siandiki kura kumi na moja zilizomwangusha,
wala kwamba alizijua nyumba zake zote
na kila asubuhi akazipitia, hodi hodi,
akiuliza mikorosho imeponaje ubwiri unga.
Kama ilikuwa msamaha au kisasi
sijui, na sasa wa kumwuliza yumo sandukuni.

Naandika: alistaafu siasa, akajishughulisha na kilimo.
Kilimo!
Heka mbili za mihogo, jembe la kuazima,
na kaunda suti ile aliyoapia kiapo
akalimia mpaka ikaota madirisha magotini.

Ameacha mjane, watoto saba, wajukuu
(idadi watanipa wakishaacha kubishana).

Mjane, Agnesia, amesimama nyuma yangu,
anasoma polepole, kidole juu ya mstari.
"Koki umeisahau."
Nafasi imekwisha, mama. Padri ana haraka.
Ananinyang'anya kalamu, pembeni kabisa,
kwa herufi kubwa za ngumbaru, anaandika:
MAJI YALITOKA.

Anaitazama.
Anaongeza: KIDOGO.