Kukwangua

Jumamosi, saa moja na robo asubuhi,
navua saa, nakunja mkono wa shati hadi begani,
nachomoa hita, nachomoa taa
(waya na maji havitaniani),
nauchovya mkono kwenye tangi la lita sitini
kama daktari wa ng'ombe.

Gapi wanakimbilia nyuma ya jiwe.
Miaka miwili, kila wiki, mkono uleule,
na bado hawajauzoea.

Nilianza na sifongo; iliteleza.
Nikaja na wembe. Wembe hula mwani
na gundi ya pembeni pia, ukiuelekeza vibaya,
na siku ile sebule yetu ya Pasua ilijua
kwamba lita sitini ni maji mengi.
Sasa natumia kadi ya benki iliyokwisha muda,
jina langu limevimba juu yake, AISIA N. TEMU.
Nakwangua kama tulivyokwangua vocha,
kuanzia kona, taratibu, pumzi nimeibana,
ila humu hakuna namba za siri.
Kinachotokea ni mkia. Halafu jicho.
Halafu jani nililodhani limeshakufa.

Nilimpigia simu Lomnyaki, muuza samaki wa Sakina, Arusha.
Hakunipa pole. Aliuliza: dirisha liko wapi?
Linatazama mlima, nikasema, jua la asubuhi linapitia humo.
Akacheka.
"Basi hufugi samaki, dada. Unafuga jua.
Funga pazia. Taa saa sita tu kwa siku.
Chakula kiduchu. Theluthi ya maji kila wiki.
Mwezi mmoja, na kioo kitakuwa kama hakipo."

Nikafunga pazia.

Mama ana goti bovu na kiti cha plastiki chenye mto.
Kila alfajiri huisubiri Kibo ivue mawingu,
dakika kumi, kumi na tano, kabla haijajifunika tena,
akaikagua theluji kama mwenye duka anayehesabu chenji.
"Imepungua," husema. Au: "Leo imerudi kidogo, pale kushoto."
Hilo ndilo gazeti lake.
Siku ya kwanza ya pazia alinyamaza. Ya pili, alinyamaza.
Ya tatu akauliza, bila kunitazama:
"Hawa samaki wako wanalipa kodi kiasi gani humu ndani?"

Nikafungua pazia.

Mwani wenyewe haumtishi.
Kwao Uru, anasema, mfongo ulikuwa na siku yake:
kila nyumba jembe moja, mnashuka mferejini,
mnazibua, mnaparua mawe,
asiyefika anatozwa mbege.
"Na wiki ya pili mawe yanakuwa kijani tena?"
"Sasa?" akasema. "Ulitaka maji yasipite?"

Kwa hiyo nakwangua. Mbele na kulia tu.
Kioo cha nyuma nimewaachia konokono na uduvi,
nao wana midomo, wanachora humo vijia vyao.
Utando unabanduka kama ukoko wa ugali, unaelea,
nauvuta kwa mpira, nikianza na mdomo
(ladha yake naijua, usiniulize),
ndoo inajaa, ndoo inaishia kwa migomba miwili nyuma ya choo,
ambayo mwaka huu imenenepa bila haya.

Saa mbili kasoro. Maji yanatulia.
Nikiinama kukagua, kioo kinakusanya vyote pamoja:
uso wangu, gapi mmoja akinipita shavuni,
na juu ya nyusi, kidogo kama chembe ya chumvi, kilele.

"Mama, mlima uko humu."
"Uko huku," anasema. Hageuki.

Kwenye kona ya chini, karibu na mchanga, kadi isikofika,
kuna doa la kijani, ukubwa wa ukucha wa mtoto.
Nimeliona.
Navaa saa.