Senti Sabini za Theluji

Katika daftari la mji, wino umekuwa rangi ya chai,
Machi, elfu moja mia nane hamsini na tatu:
"Kwa Asahel Pruitt, kulitia daraja theluji, senti sabini."
Nilidhani karani alikuwa amelewa.
Daraja lina paa. Paa liliezekwa kuzuia theluji.
Nani humlipa mtu airudishe ndani kwa koleo?

Lucius, anayenishikia taa, akacheka hadi taa ikatetemeka.
Magari ya majira ya baridi hayakuwa na magurudumu, akasema,
yaliteleza. Farasi walifika mlangoni na magogo ya misonobari,
wakakuta mbao kavu. Chuma kikakwaruza, mzigo ukagoma.
Basi Asahel, kila alfajiri, aliitandika sakafu
shuka nyeupe, toka ukingo huu hadi ule.

Mimi ni Delphine, seremala.
Leo ni siku ya kumi na moja niko uvunguni mwa daraja,
mto unanung'unika chini ya visigino vyangu.
Juu, wageni wanapiga picha ile rangi nyekundu.
Huku chini hakuna rangi.
Kuna viota vya mbayuwayu,
kuna boriti laini kama mkate uliolowa maziwa,
na kuna alama za patasi: IIII, V, VI.
Kila ulimi ulipewa namba ya tundu lake,
ukaozwa humo kwa kigingi cha mwaloni.
Miaka mia na sabini. Ndoa ipo;
kinachooza ni mbao.

Mkutanoni, Haskins alisema zege halidai rangi wala seremala.
Hakukosea. Nyumba ya akina Wheelock iliungua ng'ambo ile
huku gari la zimamoto likizunguka maili tisa,
maana hapa lisingepenya.
Tukapiga kura: mia na nne, mia na moja.
Zege litamwagwa juu kidogo ya mto, na hili libaki.
Kura tatu. Nimewahi kuona vigingi vyembamba kuliko hivyo
vikibeba mengi.

Boriti ninayoitoa, najua ilianza kuoza lini.
Theluji ya Asahel iliyeyuka kila Aprili,
ikachuruzika kwenye nyufa, ikalala juu ya mti.
Mji ulimlipa senti sabini aliharibu daraja lake,
na ningekuwa karani ningemlipa tena.
Daraja lisilovukwa ni ghala tu
lililokosea mahali pa kusimama.

Watu huniuliza kama bado ni lile lile.
Paa ni la nne. Sakafu, walishaacha kuhesabu.
Jioni tumeipandisha boriti mpya, inanuka utomvu,
nami nimeichonga VII, palepale, kwa patasi,
ingawa penseli ingetosha.
Lucius anauliza nani ataiona huko chini.
Yule, namwambia, atakayekuja kuitoa.