Pindo la Sketi

Orodha ya shule ilifika imekunjwa mara nne
ndani ya soksi ya Ashuza, kwa kuogopa mvua.
Kaye kumi na mbili. Rula. Biki za buluu, nyekundu moja.
Shati jeupe. Sketi ya buluu iliyokolea, *mpya*,
na neno hilo wamelipigia mstari
kana kwamba ukata ni uvivu wa kusoma.

Nilianza Aprili.
Kila bakuli la sambaza nililouza
lilitoa franka mia mbili, nikaziangusha
kwenye kopo la maziwa lililozibwa kwa lehemu
na fundi wa masufuria pale Nyamugo,
ili mkono wangu mwenyewe usiniibie.
Pesa zetu ni karatasi tupu, kopo halilii.
Ukilitikisa linanong'ona,
nami usiku nilikuwa nalitikisa.

Haba na haba, ndiyo. Lakini kibaba changu kina tundu:
Julai Cikuru alishikwa na malaria.
Kopo likapasuliwa, likazibwa tena.
Fundi hakunitoza mara ya pili.

Jumamosi tukashuka Kadutu kwa miguu toka Cimpunda,
matope hadi kisigino, nauli ya watu wanne
imelala salama ndani ya kitenge changu.
Cikuru alitaka kaye yenye picha ya mcheza mpira.
Nikamfungulia ile, nikamfungulia na hii
yenye jalada la kijivu kama mawingu ya asubuhi.
“Hesabu mistari,” nikamwambia.
Akahesabu kweli, katikati ya soko,
watu wakimpita na mabeseni ya nyanya kichwani.
Ishirini na moja. Ishirini na moja.
Akanyamaza, ila mdomo ukabaki umevimba
mpaka kwenye meza ya biki.

Shati la Ashuza sikununua.
Fundi Bisimwa alikwisha kuifumua kola, akaigeuza:
nje ilikuwa imechakaa kwa shingo na jasho,
ndani ilikuwa bado haijaanza shule.

Ikabaki sketi. Nilikuwa na noti moja ya dola tano,
nimeitunza ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa.
Mama Byamungu akaiinua juani,
akaizungusha, akanirudishia.
“Hii imeumwa, dada.”
Pembeni, kweli, palikuwa na mpasuko
mdogo kuliko jino la panya.
Mbadilisha pesa akasema ataichukua kwa nne.
Dola nzima, kwa jeraha lisilofika ukucha!
Nikaikunja. Nikamwambia Nsimire, “Twende.”
Hakuuliza. Hilo ndilo lililoniuma,
miaka kumi na moja, na tayari anajua kutouliza.

Usiku, kwa taa ya simu, maana umeme ulikuwa umekwenda
kule unakokwendaga,
nikakata uzi wa sketi ya zamani kwa wembe,
nikateremsha pindo.
Nikapiga pasi ya makaa, kitambaa kikatoa moshi
wa miaka yote ya sabuni.
Mistari miwili ikabaki, imepauka,
mmoja chini ya mwingine:
hapa aliishia darasa la tatu,
hapa la nne.
Nikaipaka wino wa biki, ikawa mibaya zaidi.

Nsimire akaivaa, akasimama juu ya kiti,
akaangalia mistari ile bila kukunja uso.
Akaigusa kama mtu anayesoma kwa kidole.
“Mama, ndani kumebaki kiasi gani?”
Nikapima.
“Vidole viwili.”
Akafikiri. Nje mbwa wa jirani alikuwa akibweka mvua.
“Basi nitarefuka polepole,” akasema.

Nikamshusha kitini. Uzi ulikuwa bado mdomoni mwangu,
nikautema ili nisikike vizuri.
Nikamwambia: Refuka.